Maziwa hayajakauka, shoga

Likoni, Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Hujambo, na mtoto hajambo? Huku sote wazima. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Wasema mwezi ujao warudi kazini, na mkweo keshanunua kopo la maziwa ya unga kwa kuwa yako yamepungua. Hili sikutaka kulijibu kwa simu.

Ziwa hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Ukimpa chupa mchana, ziwa linakaa limejaa, mwili unaona hayatakiwi, na kesho yatatoka machache zaidi. Kopo ndilo litakalokukausha. Hesabu nepi: akilowesha sita kwa siku, na uzito kwenye kadi ya kliniki wapanda, basi anashiba.

Mimi haya sikuyajua, nilifunzwa. Unakumbuka nilivyokuwa baada ya kujifungua, chuchu zimepasuka, mtoto akilia mimi nauma leso? Jirani yangu aliyelea wanne aliingia, akaketi nyuma yangu mkekani, akanishika mkono. Akaniambia ningoje mtoto afunue mdomo kama anayepiga mwayo, ndipo nimlete yeye kwenye ziwa, ashike na ule weusi, si chuchu tupu. Siku ya tatu nilinyonyesha bila machozi. Tangu hapo kila Alhamisi alasiri tuko barazani kwake, wazazi wapya na wakongwe.

Niliporudi kazini nikawa nakamua chooni. Nimesimama, mlango nimeuzuia kwa mguu maana komeo liling'oka zamani, kikombe mkononi, na nje mtu anagonga. Pa kuyaweka hapana, basi nayamwaga. Nayatazama yakizunguka kwenye tundu la sinki, na mwanangu wa miezi mitatu na nusu yuko nyumbani anapewa uji mwepesi. Uchungu ule sijausahau, shoga.

Nikalisimulia barazani. Mmoja wetu ni mhudumu wa afya ya jamii, akasema: hiyo si bahati mbaya yako, sheria ipo. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka kila mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, chenye pa kunawa mikono, jokofu, meza ndogo na viti. Na imeandikwa wazi kwamba chumba hicho kisiwe chooni! Tena mama apewe mapumziko ya kunyonyesha au kukamua, mpaka jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi. Miaka yote hiyo, na hakuna aliyetuambia.

Tuliandika barua, tukatia sahihi wanawake kumi na mmoja, hata wasio na watoto. Miezi minne ya njoo kesho. Sasa tuna stoo iliyosafishwa, pazia, viti viwili na jokofu dogo. Vibarua bado hawaruhusiwi ile saa, na hilo hatujaliachia. Halafu kuna wauza samaki na mama mboga wa huku kwenye feri. Wao mwajiri wao nani? Kwa ajili yao tunaandika ombi kwa kaunti, tupate chumba sokoni. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kuomba, na inaipa kaunti wajibu wa kujibu upesi.

Wamkumbuka Zuleikha Hassan, aliyekuwa mbunge mwakilishi wa wanawake wa Kwale? Tarehe 7 Agosti 2019 aliingia Bungeni na mwanawe wa miezi mitano, akaamriwa atoke, kwa kuwa kwa kanuni zao mtoto yule ni mgeni. Na siku hiyo ndiyo ya mwisho ya Wiki ya Unyonyeshaji Duniani. Nilipoona picha ile nilidhani ni mambo ya wakubwa. Leo naona alisimama mlango uleule niliouzuia mimi kwa mguu.

Sasa wewe. Kwenu Tanzania sheria ya ajira ya 2004 inampa mama anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Saa mbili, shoga, mara mbili ya zetu! Usiende peke yako kuziomba. Tafuta wenzio wawili watatu waliojifungua, hata aliye na mimba, mwandike pamoja, mbaki na nakala. Mkweo usigombane naye. Mwombe yeye ndiye amlishe mjukuu maziwa uliyokamua, kwa kikombe. Jokofuni yanakaa mpaka siku nne, nje ya jokofu yasizidi saa nne, na kwa joto la Tanga fanya tatu.

Alhamisi saa kumi nitakupigia video tukiwa barazani. Uwe umenawa, uwe na kikombe safi na mtoto karibu. Jirani yangu atakuonyesha kukamua kwa mkono, na ukitaka kumwita mkweo asikilize, mwite.

Ndimi mwenzio