Mdogo wangu, mashine ya kufulia isubiri

Mdogo wangu,

Mama ameniambia unataka kukopa ununue mashine ya kufulia, kwa sababu mashati yako ya chuo yamekuwa rangi ya majivu na vidole vimekuchubuka. Nakuandikia hadharani maana wapangaji wengi wa Dar mnasumbuka na jambo hilohilo.

Kinachokusumbua ni maji. Hapo Kigamboni unafulia maji ya kisima yenye chumvi na chokaa, kama yalivyo ya visima vingi vya pwani. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa haitoi povu, inageuka utando unaonata kwenye nguo. Unaongeza sabuni, utando nao unaongezeka, na shati linazidi kufubaa. Mashine ukiijaza maji hayohayo, shati halitapona, na umeme utakuwa umeulipia.

Kwa hiyo maji ya kisima yabaki ya kufulia tu, na uyatumie na sabuni ya unga, ambayo haigandi na chokaa kama ya mche. Maji yasiyo na chumvi unayonunua kwa madumu yatunze kwa kusuuzia mara ya mwisho. Masika yakianza, kinga maji ya bati. Maji ya mvua yanatoa povu kwa sabuni kidogo sana. Loweka nusu saa inatosha. Kwa joto la Dar, nguo ikilala kwenye beseni usiku kucha inatoa uvundo. Halafu fikicha kola, kwapa na ncha za mikono, kwingine kamulia povu tu. Nadhani vidole vinachubuka kwa sababu unafikicha shati zima.

Anza na nyeupe. Maji yaliyosuuza nyeupe yafulie za rangi, kisha yamwage chooni. Kanga mpya ifue peke yake mpaka iache kuchuja.

Kuhusu jiki, tafadhali nisikilize. Maji ya kisima yakiwa na chuma, jiki inakigeuza kutu, na ile njano unayoiona kwenye shati huenda imetokea huko. Jasho nalo likikutana na jiki linaweza kuacha njano. Doa la kutu likamulie limao, nyunyiza chumvi, weka juani, kisha suuza vizuri. Lakini limao na jiki visikutane hata mara moja, wala siki na jiki. Vinatoa hewa ya klorini inayounguza mapafu, na bafu lenu nalijua, halina hata dirisha.

Kuanika usikudharau. Nyeupe ziache kwenye jua kali, linazitakatisha. Za rangi zigeuze ndani iwe nje zisipauke. Usianike kwenye majani wala kivulini penye unyevu: kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake akitoka anaingia kwenye ngozi na kuotesha kitu kama jipu. Mvua zikikulazimisha kuanika ndani au barazani, piga pasi ya moto kila nguo, chupi na shuka zikiwemo, na usisahau mishono. Joto la pasi linaua mayai hayo.

Siikatai mashine. Shuka na jinzi kuzikamua kwa mikono ni kazi nzito, na hapo ndipo mashine inamsaidia mtu kweli. Siku ukihamia penye maji ya uhakika tutachanga, na ningependa iwe ile ya mapipa mawili inayojazwa kwa ndoo na kukamua upande wa pili, kwa sababu haingoji presha ya bomba. Kwa sasa mkopo uache. Nunua madumu mengine mawili, na pasi kama ya zamani imekufa. Hela ya pasi nitakutumia mimi mwisho wa mwezi.

Dada yako