Risala kwa Mgeni Rasmi: Mbegu ya Mpunga, Maji ya Jaluba na Usalama wa Mchele Wetu

Risala ya wakulima wa mpunga na maafisa ugani, Siku ya Mkulima Shambani, Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu maafisa kilimo,
Wazee wetu, wakulima wenzetu, walimu na wanafunzi mliofika,
Mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Mwangaluka!

Karibu sana Igunga, na ahsante kwa kukubali kukanyaga tope pamoja nasi. Risala hii ina ombi moja kubwa. Tunaomba tusiletewe "mbegu bora" kwa jina hilo tu. Tunaomba mbegu inayojibu shida ya jaluba fulani, yaani kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa matuta ya kuzuia maji, pamoja na vipimo vya kutuhakikishia kwamba mchele wake ni salama kuliwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa uliposimama kuna mteremko mdogo ambao mpita njia hauoni. Juu ni mchanga, na mvua ikikatika kwa siku chache majaluba hukauka. Chini ni mbuga, tope jeusi zito, ambako mvua kubwa hufunika mpunga hadi ncha ya jani. Hivyo msimu mmoja unaweza kuua mpunga wa juu kwa kiu na wa chini kwa kuzama, na wote umetoka gunia moja la mbegu. SARO 5, aina ya mpunga iliyoidhinishwa nchini mwaka 2002, ni mbegu nzuri na tunaipenda. Lakini hakuna mbegu moja inayoweza kuwa hodari kwa kila kitu.

Ramani ya vinasaba vya mpunga, wenye jozi 12 za kromosomu, ilikamilika mwaka 2005. Mwaka uliofuata watafiti waliitambua jeni (kipande cha vinasaba kinachobeba sifa) ya Sub1A, iliyotoka katika mpunga wa FR13A wa Odisha, India. Mpunga wa kawaida ukifunikwa na maji hukimbilia juu kutafuta hewa. Hurefuka haraka, humaliza sukari yote ya shina, na maji yakipungua hulala chini na kuoza. Wenye Sub1A hujizuia kurefuka, hutunza sukari yake na kusubiri. Huvumilia kufunikwa kabisa kwa takribani wiki 2. Zaidi ya hapo nao hufa. Tena kinga hiyo ni ya mche uliokwisha kuota. Mbegu iliyomwagwa kwenye jaluba lililojaa maji itaoza vilevile, kwa sababu kuota chini ya maji hutawaliwa na jeni nyingine. Anayesia moja kwa moja bila kitalu alijue hilo. Na maji yakishaondoka, urea isiwekwe siku hiyohiyo: mizizi bado ni dhaifu na mbolea itapotea bure. Subiri siku 5 hadi 7, mpaka jani jipya lionekane.

Wapo wanaoogopa wakisikia neno jeni. Kazi hii ya kuingiza jeni kwenye mbegu yetu hufanyika kwa kuzalisha mbegu mbili pamoja, kama mfugaji anavyochagua dume. Ua la mpunga lina vifuko 6 vya chavua. Jioni mtafiti hukata ncha ya ganda kwa mkasi mdogo, hutoa vifuko vyote kwa kibano, hufunika suke kwa mfuko wa karatasi, na kesho yake kabla ya adhuhuri hukung'utia chavua ya mbegu ya pili. Mtoto wa kwanza ni nusu kwa nusu. Akirudishwa kwa mzazi tunayempenda, sehemu ya yule mgeni hushuka kwa wastani hadi asilimia 25, kisha 12.5, kisha 6.25. Kila kizazi kipande cha jani hupelekwa maabara kuona mche upi umebeba jeni inayotafutwa. Bila kipimo hicho unaweza kurudisha mara tatu ukabaki na SARO ileile, jeni imepotea njiani.

Kwa majaluba ya juu, mzizi ndio wenye jibu. Jeni ya DRO1, iliyoelezwa na watafiti wa Japani mwaka 2013, huinamisha pembe ya mizizi ielekee chini kufuata unyevu. Kwenye meza ya kwanza utaona vichujio vya chai vya waya, kipimo ambacho hata shule inaweza kukifanya. Jaza chujio udongo, otesha mche mmoja katikati, lifukie kwenye ndoo yenye udongo, na baada ya wiki kadhaa lifukue uhesabu mizizi iliyotokeza. Ile iliyotoka kitakoni, kwa pembe inayozidi digrii 50 kutoka usawa wa udongo, igawe kwa mizizi yote. Linganisha mbegu tano au sita kwa njia hiyo: yenye jibu kubwa ndiyo yenye mizizi ya kina. Lakini tunaonya: penye tabaka gumu karibu na uso wa shamba, mzizi wa kina utaligonga na kugeuka. Chomeka fito ya chuma kwanza. Ikikwama sentimita 15 chini, mbegu pekee haitakuokoa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunafika kwenye sahani.

Jaluba likijaa maji muda mrefu, udongo hukosa hewa, na arseniki, sumu iliyojishika kwenye chuma cha udongo, huachiliwa. Mzizi wa mpunga, wenye njia za kuvutia silika kwa wingi, huipitisha arseniki katika njia hizohizo. Shamba likikaushwa arseniki hupungua, lakini kadimi, metali yenye sumu, kama imo kwenye udongo, huanza kuyeyuka na kupanda kwenye punje. Kiwango cha kimataifa cha mchele uliokobolewa ni miligramu 0.2 za arseniki isiyo ogania (aina yenye sumu zaidi) kwa kilo, na miligramu 0.4 za kadimi. Hatusemi mchele wa Igunga una sumu. Tunasema kilimo cha kulowesha na kukausha kinachohimizwa ili kuokoa maji kitanguliwe na kipimo cha udongo, ili tusifukuze sumu moja na kuialika nyingine.

Atakayekausha atumie bomba la plastiki la sentimita 30 kuona maji yalipofika: 20 zenye matundu ziwe chini ya udongo, 10 zibaki juu. Aanze wiki 2 baada ya kupandikiza. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso, arudishe hadi kina cha sentimita 5. Wiki moja kabla ya kuchanua hadi wiki moja baada yake asikaushe kabisa, maana kiu ya wakati huo huzaa mapepe, yaani makapi yasiyo na punje. Kwenye tope la mbuga asingoje nyufa kubwa. Zikifunguka, maji atakayorudisha yatapotelea humo.

Baada ya kuvuna, unyevu wa punje ndio hatari. Mpunga huvunwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 24, na hifadhi salama huanzia asilimia 14 kushuka. Ukiwekwa mbichi ghalani, kuvu humea na huweza kutoa sumukuvu. Aflatoksini, mojawapo ya sumukuvu hizo, haiondoki kwa kupikwa, na kiwango cha Afrika Mashariki kwa nafaka ni mikrogramu 10 kwa kilo. Tunajua kwa nini wengi huuza mbichi: kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 22 zikikaushwa hadi 14 hubaki kilo 91 hivi. Kilo hizo 9 ni maji, na mnunuzi asiyepima huyalipia sawa na mpunga. Basi anayekausha vizuri ndiye anayepata hasara, na hilo linatuuma.

Anika kwenye turubai kwa unene wa sentimita 3 hadi 5, geuza kila nusu saa, na jua likiwa kali mno sogeza kivulini. Punje ikikauka kwa pupa hupasuka, mashine ikatoa chenga. Asiye na kipima unyevu atie chumvi kavu na mpunga kwenye chupa kavu ya kioo, afunge na kutikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado unazidi asilimia 15.

Kuhusu harufu ya mchele wetu, ambayo wapo wanaodhani hupotea kwa chavua ya shamba la jirani, tuseme kidogo tu. Mpunga hujichavusha wenyewe, na uchavushaji wa jirani kwa kawaida hauzidi asilimia 1. Mbegu yetu huchanganyika zaidi kwenye turubai na magunia, na hapo tiba yake ni ufagio.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Kwanza, vituo vya Dakawa na Tumbi vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) viweke mashamba ya majaribio juu, katikati na chini ya mteremko huu, kwa misimu isiyopungua miwili, nasi tutatoa majaluba. Pili, sampuli za udongo, maji na mchele zipimwe arseniki na kadimi, na majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji. Tatu, kila kituo cha kununulia mpunga kiwe na kipima unyevu, na mpunga mkavu upewe bei yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.