Uwezo wa seva ya Git uandikwe

Mhariri,

Programu ya Git, inayotunza matoleo ya msimbo wa miradi ya kompyuta, inapowasiliana na seva, seva hutangaza kwanza orodha ya inayoyaweza, na upande wa mteja, yaani programu iliyo kwenye kompyuta ya mtumiaji, hauruhusiwi kuomba lisilotajwa humo. Wiki iliyopita, nikitumia bando la simu, niliomba kunakili mradi bila mafaili makubwa; kwa kuwa seva ile haikutangaza uwezo wa «filter», yaani wa kuchuja mafaili yanayotumwa, ambao huwa umezimwa mpaka msimamizi auwashe, ombi langu lilipuuzwa kwa onyo la mstari mmoja, mzigo wote ukashuka na bando likakata. Waundaji wa Git wameieleza vyema itifaki (kanuni za mawasiliano hayo) ya toleo la 2, inayotumika kwa kawaida tangu mwaka 2020. Wasioandika seva zao zinaweza nini ni wasimamizi wa seva zetu, ilhali ukurasa mmoja ungetosha.

Msomaji wako,
Morogoro