Nauli ya Kwendea Mmeitaja, ya Kurudia Je?

Mhariri,

Mimi ni msomaji wa gazeti lako wa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo nimevumilia majina ya vijiji vyetu yaliyokosewa na picha za Nungwi zilizoandikwa chini yake kwamba ni Paje, bila ya kushika kalamu hata mara moja. Lakini ile taarifa yenu ya hivi karibuni, iliyowaelekeza watu waliopumzika pwani ya kusini na mashariki namna ya kwenda kuutembea Mji Mkongwe kwa siku moja na kwa gharama ndogo, imenishinda kuinyamazia.

Mwandishi wenu aliipanga siku ile vizuri sana, kwa mtu ambaye halali shamba. Asubuhi mgeni apande daladala kwa shilingi elfu chache. Aende Mkunazini akalione kanisa lililojengwa pale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Apite Ngome Kongwe. Anunue mdalasini na hiliki Darajani. Apunge upepo kwenye roshani ya Beit al-Ajaib (jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, lakini hilo tuliache, huenda mwandishi hajapita upande huo siku nyingi). Kisha akae Forodhani alitazame jua likizama, ale urojo na mishkaki, anywe juisi ya miwa, halafu arejee zake pwani akiwa amestarehe. Arejee kwa kitu gani, Mhariri? Jua la Unguja halizami kabla ya saa kumi na mbili jioni, iwe Juni au Disemba, na wauzaji wa Forodhani hawaanzi kupata wateja wa maana mpaka giza liingie. Wakati huo gari ya mwisho ya Jambiani, kama siku ilikuwa njema, imeshapita Tunguu. Safari yote mliyoisifu kuwa ni ya rahisi imejengwa juu ya saa mbili za jioni ambazo mwenye kutegemea daladala hana.

Wala msiseme kwamba hayo ni ya watalii wa Ulaya pekee, kwa sababu wao angalau wana pa kuazima. Wanaopumzika huku kwetu ni pamoja na walimu wa Dodoma wakati wa likizo ya skuli, jamaa kutoka Pemba na Tanga, na watoto wetu wenyewe walioolewa mbali wakaja na wajukuu. Hao ndio wanaohitaji safari ya rahisi.

Likizo iliyopita, binti yangu alikuja na wanawe wawili, na mimi nikajitolea kuwapeleka mjini, kwa kuwa mdogo alikuwa hajapata kuiona Ngome Kongwe. Sikuwa na tamaa ya Forodhani ya usiku. Naijua njia ya 309, ya daladala za Paje na Jambiani, na nazijua tabia zake. Baada ya sala ya alasiri tulikuwa tumeshafika kituoni, tumepanda, tumekaa, na mkoba wetu wa maembe umeshafungwa kwa kamba juu ya paa. Gari ilikuwa inakaribia kujaa. Mara akatokea kijana mmoja akanong'onezana na dereva dirishani, na utingo, ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa akipiga kelele za Paje na Jambiani, akapanda mbele, akaking'oa kibao cha 309, akakitia chini ya kiti, na mahali pake akaanza kufunga utepe mwekundu. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu kwa adabu kabisa: "Mzee wangu, niwie radhi, gari imeshakodiwa, inakwenda kuchukua watu wa harusi." Tukateremshwa sote: mama mwenye mtoto mgongoni, wanafunzi wawili wa Kitogani, mzee mwenye madumu yake ya mafuta ya taa, na wazungu wawili ambao bila shaka walikuwa wameisoma taarifa yenu, kwa sababu walikuwa wakiulizia gari ya jioni. Hakukuwa na ubao wa kueleza gari nyingine itaondoka saa ngapi, hakukuwa na mtu wa kuulizwa, na kila aliyeulizwa alielekeza kwa kidevu upande wa mwenzake. Sina ugomvi na harusi, watu waoe. (Harusi yenyewe, nilikuja kugundua baadaye, ilikuwa ya jamaa yetu wa mbali, na sisi hatukualikwa.) Lakini gari yenye leseni ya njia, yenye namba ya njia, iliyokwisha kupakia abiria wa njia, haiwezi kugeuzwa kuwa ya bibi harusi kwa mnong'ono wa dirishani huku jua linakwenda chini na watu wamo ndani, kisha mwandishi wa gazeti akaandika kwamba usafiri wa umma wa shamba ni mwepesi na wa kutegemewa. Tulisubiri mpaka adhana ya magharibi ikatukuta pale pale tulipo.

Mwishowe tulichukua teksi. Dereva alinitazama, mimi niliyevaa kanzu na kofia, mwenye wajukuu waliosinzia na vumbi miguuni, akaniambia kwamba mpaka Jambiani ni dola arubaini. Dola, Mhariri. Machi 2025 zilitolewa kanuni zinazokataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajiwa bei na kulipiwa kwa fedha za kigeni, na magazeti, na lenu bila shaka likiwemo, yaliziandika. Lakini ukiingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe leo utakuta kikapu cha ukindi kina bei ya dola, pakiti ya viungo ina bei ya dola, na ukiuliza kwa shilingi, mwenye duka anachukua kikokotoo kana kwamba umemwomba akufanyie hesabu ya mirathi. Mgeni wa nje, tangu Oktoba 2024, hulipa bima ya dola 44 ili aingie Zanzibar. Sipingi bima. Nasema tu kwamba mtu aliyetozwa kiasi hicho mlangoni angestahiki japo gari moja ya kumrudisha kitandani kwake, na mwenyeji asiyetozwa kitu angestahiki hiyo hiyo kwa sababu nchi ni yake.

Nalijua jibu litakalotolewa: kwamba njia ni ndefu, kwamba gari haiwezi kuondoka mpaka ijae, kwamba matuta ya Jozani, yaliyowekwa ili kima punju wetu wasigongwe, yanamchelewesha dereva, na kwamba usiku abiria ni wachache. Yote ni kweli. Lakini abiria wa usiku ni wachache kwa sababu wameshajua kwamba gari haipo, na gari haipo kwa sababu abiria ni wachache, na wenye teksi wanakaa katikati wakichezesha funguo.

Pendekezo langu ni dogo. Iwepo gari moja ya 309 kwa ajili ya Paje na Jambiani, na moja ya 116 kwa ajili ya Nungwi, ziondoke mjini saa tatu kamili usiku, zijae zisijae. Saa hiyo iandikwe ubaoni kwa rangi ya mafuta, si kwa chaki, kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu anaweza kuzisoma bila ya miwani. Nauli ya usiku iwe mara mbili ya mchana, na mimi nitakuwa wa kwanza kuilipa. Na dereva atakayeikodisha gari hiyo kwa harusi alazimishwe kuwachukua abiria wake wote harusini, wakae mkekani, wapakuliwe biriani kama wageni wengine, kisha awateremshe mmoja mmoja mlangoni kwake.

Wakati tunalisubiri hilo, namwomba Mhariri amtume mwandishi yule yule Jambiani kwa siku moja. Mpe nauli ya daladala ya kwenda na kurudi, usimpe posho, na simu yake ibaki ofisini kwako asije akampigia rafiki mwenye gari. Afuate ratiba yake kama alivyoiandika, na urojo aunywe Forodhani kama alivyotushauri. Akifika Jambiani usiku huo kwa nauli hiyo hiyo, nitakuandikia barua ya pili ya kumwomba radhi, na ninaruhusu uichapishe ukurasa wa mbele.

Mkaazi wa Jambiani,
Kusini Unguja