Ekzosti ya midomo miwili haianzii kwa bampa

Meseji nyingi hukuja na picha ya nyuma ya gari, midomo miwili minene inang'aa, mmoja kila upande, halafu swali ni lile lile, boss hii ni pesa ngapi? Rally ya Naivasha ikikaribia ndio zinazidi, hasa kutoka kwa wenye Subaru Impreza WRX. Hiyo kazi tunafanya hapa Nakuru, tunajenga kutoka mwanzo na tunaipenda sana, lakini bei hatuwezi kukupea kwa simu kabla tuingie chini ya gari.

Midomo yenyewe haiongezi nguvu hata kidogo. Nguvu iko kwa paipu inayotoka kwa turbo (ile feni inayozungushwa na gesi ya moshi ili isukumie injini hewa zaidi) kuja nyuma, na kwa gari ya turbo hiyo paipu inataka gesi ipite bila kuzuiwa, ndio maana WRX wengi wanawekewa inchi 3. Sasa ukitaka midomo miwili lazima hiyo paipu igawanywe mahali, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Paipu ya inchi 3 yenye ukuta wa milimita 1.5 ina nafasi ya kama sentimita mraba 42 ndani, ukiigawanya kwa mbili za inchi 2 unabaki na kama 36, yaani umelipa pesa gari ikabwe koo. Mbili za inchi 2 na robo zinakupea kama 46, hiyo iko sawa. Lakini kwa gari isiyo na turbo usikimbilie paipu kubwa, gesi inapunguza mwendo na gari inakuwa nzito chini chini, utaisikia ukipanda kuelekea Mau Summit.

Halafu kuna pale paipu inagawanyika. Saloon nyingi zina shimo la spea katikati, so fundi mwenye haraka anapeleka upande mmoja moja kwa moja na ule mwingine anaupigisha kona kali, basi gesi inafuata njia rahisi, na baada ya muda mdomo mmoja ni mweusi tititi na wa pili msafi. Watu hutuletea gari wakidhani injini imeharibika kumbe ni hiyo kona tu.

Sasa sauti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio kila mtu anatafuta. Ule mngurumo wa Subaru wa kuruka ruka hautoki nyuma. Unatoka mbele, kwa zile hedasi, yaani paipu za kwanza zinazotoka kwa injini, zenye urefu usiolingana, gesi ya upande mmoja wa injini inafika kwa turbo kabla ya ile ingine. STI nyingi (ile WRX kali zaidi) za soko la Japani zenye turbo ya twin scroll, yaani yenye njia mbili za kuingizia gesi, zina hedasi zinazolingana, na hata tukikuwekea midomo minne haitanguruma hivyo, italia laini. Kwa hivyo kabla hujalipa tuambie ni injini gani uko nayo, ni afadhali ujue mapema kuliko ukasirike na sisi baadaye.

Kuna pia ile mvumo ya ndani ya gari, unaendesha kwenda Kisumu, mshale wa mizunguko ya injini umetulia kwa 3,000 kwa dakika na kichwa kinauma. Injini ya silinda 4 kwa 3,000 inapiga mara 100 kwa sekunde, na paipu ikiitikia hiyo sauti bodi nzima inatetemeka. Kuongeza sailensa kubwa si lazima kusaidie. Tunachofanya ni kuweldia tawi la pembeni lililozibwa mwisho, la mita moja na kidogo hivi, sauti inaingia inarudi ikiwa imepinduka inaua ile ingine. Kupata nafasi ya hilo tawi chini ya gari ndio kazi, lakini abiria wako watakushukuru.

Kwa chuma, tunapendelea stenlesi ya 304. Chuma cha kawaida kinaozea ndani, hasa gari ya safari fupi za mjini, maji hayapati moto wa kutosha kukauka. Lakini stenlesi ikiweldiwa bila gesi ya agoni (ya kuzuia hewa isiguse weldi) upande wa ndani pia, inachemka inatoa chenga nyeusi na hapo ndipo itapasuka, na kwa nje utaona weldi safi kabisa! Uliza fundi yeyote, si sisi tu, akuonyeshe ndani ya joint. Na kona zisiwe zimefinywa na mashine, tunakata vipande vya bendi laini tunaunganisha.

Stenlesi pia inarefuka sana ikipata moto, mita 3 ikipanda digrii 400 inaongezeka karibu sentimita 2. So usituambie midomo ikae imeshikana na bampa kama kwa picha, itayeyusha plastiki. Tunaacha nafasi, tunatumia raba za kuning'iniza na flekisi (kipande cha paipu kinachopindika), na tunapandisha paipu juu iwezekanavyo kwa sababu ya matuta.

Kuna kitu hatufanyi, kutoa sailensa kabisa ama kukata kataliti, ile ya kusafisha moshi. Sheria ya trafiki inataka sailensa na NEMA, wale wa mazingira, wana kanuni za kelele tangu 2009, na pia majirani wako wana watoto wanalala. Gari nzuri inasikika bila kuamsha mtaa.

Ukija, njoo asubuhi gari ikiwa imepoa maana paipu ya moto haishikiki, toa mizigo kwa buti lakini spea uache, tupime nayo. Kama kuna taa ya injini inawaka sema mapema, tuangalie sensa ya oksijeni kwanza. Na baada ya kuendesha siku chache rudi tukaze bolti, hiyo ya kukaza hatulipishi.