Kabla ya kumwaga zege, waulizeni mashabiki

Ndugu Mhariri,

Nchi inajenga na kukarabati viwanja kwa ajili ya AFCON 2027, na kila nikifungua gazeti nasoma habari za viti, taa na nyasi. Naomba nafasi niulize jambo ambalo sijaliona likiulizwa: kumbukumbu za waliocheza na waliokaa majukwaani zitawekwa wapi? Hofu hii niliipatia mbali, New York, kwenye mchezo ambao hata sheria zake sikuzimaliza kuzielewa.

Mwaka 2009 nilikwenda Queens kumwona binti yangu aliyekuwa amejifungua. Jirani yake wa ghorofa ya chini, mzee mweusi, dereva wa basi mstaafu, alikuwa shabiki wa Mets, timu ya besiboli ya pale. Mwaka huohuo Mets walikuwa wamehamia uwanja mpya, Citi Field, uliojengwa ubavuni mwa uwanja wao wa zamani, Shea, waliouchezea tangu 1964 hadi 2008. Mzee aliniomba nimsindikize. Tulipanda treni namba 7, yeye kavaa kofia ya bluu yenye herufi za rangi ya chungwa, iliyochakaa ukingo mpaka kadibodi ya ndani inachungulia.

Tuliingilia kwenye ukumbi wa mviringo uliopewa jina la Jackie Robinson. Mle ndani kuna namba 42 ya bluu, namba ya jezi yake, imesimama ndefu kumzidi mtu. Mzee alivua kofia, na mimi nikasimama wima. Robinson ndiye aliyevunja ubaguzi mwaka 1947, akaingia ligi kuu ya besiboli iliyokuwa imewafungia weusi milango kwa miongo mingi. Kumheshimu ni haki, wala mzee hakulalamikia hilo. Lakini Robinson alichezea Dodgers wa Brooklyn, na alikuwa ameshastaafu Mets walipoanza mwaka 1962. Hata matofali ya nje yamepangwa kuiga Ebbets Field, uwanja wa Dodgers uliobomolewa 1960. Mmiliki wa Mets wakati ule, Fred Wilpon, alikulia Brooklyn akiwapenda hao Dodgers, ambao walihamia Los Angeles baada ya msimu wa 1957. Mtu akijenga, hujenga anachokikumbuka yeye.

Basi mzee akaanza kuwatafuta watu wake. Rangi za Mets ni bluu na chungwa. Kuta za uwanjani zilikuwa nyeusi na viti kijani kibichi kilichokolea. Tulizunguka korido ghorofa kwa ghorofa, yeye mbele, akimtafuta Tom Seaver, mrusha mpira aliyevaa namba 41 na kuwaongoza Mets kuchukua ubingwa wa 1969. Alikuwa akinieleza huku anatembea: msimu wa kwanza Mets walifungwa mechi 120, na yeye na kaka yake waliendelea kwenda uwanjani hivyohivyo, wakiwa hawana cha kujivunia ila kuwepo. Miaka saba baadaye timu hiyohiyo ikawa bingwa. Tufaha kubwa jekundu la Shea, lililokuwa likichomoza kila mchezaji wao alipopiga mpira ukavuka ukuta, tulilikuta ndani, limewekwa pembeni. Aligusa kizuizi, akakaa kimya, kisha akaniambia anaona kama amealikwa kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Hakuwa peke yake. Mashabiki walilalamika, na mwaka uliofuata klabu ikafungua makumbusho ya Mets pale pale kwenye ukumbi, na lile tufaha likatolewa nje, mbele ya lango, kila mtu alione. Mwaka 2012 kuta zikapakwa bluu. Sanamu ya Seaver ilizinduliwa 2022, naye alikuwa amefariki 2020. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Yote yalifanyika, ila baada ya watu kuumia na mwenyewe kuondoka.

Sasa nirudi kwetu. Tarehe 10 Agosti 1974 nilikuwa na miaka 11, nimekaa mabegani kwa mjomba pale uwanja wa Nyamagana. Simba na Yanga walikuja kuamulia ubingwa wao hapa Mwanza. Mjomba alikuwa Simba damu, amevuka kutoka Ukerewe kwa boti, shati lake linanuka dagaa. Adam Sabu alifunga mapema, dakika ya 16, na kuanzia hapo mjomba hakunyamaza. Dakika zilipokaribia kuisha alivua shati akawa analipunga. Dakika ya 87 Gibson Sembuli akasawazisha. Wakaongezwa muda, na dakika ya 97 Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta, akamaliza kazi. Yanga 2, Simba 1. Mjomba alivaa shati lake ndani nje, tukateremka hadi ziwani bila neno, na sikuthubutu kumwambia.

Mwaka huu nilipeleka mjukuu wangu Nyamagana. Siku hizi kuna nyasi bandia, nzuri, watoto wanacheza hata mvua ikinyesha, na nashukuru. Nikawauliza vijana wanne waliokuwa wakifunga viatu kama wanajua mechi ya 1974. Mmoja akadhani nasema habari za Dar es Salaam. Silaumu hata mmoja wao. Hakuna aliyewaambia, na sisi tulioona tunazidi kupungua. Na hiyo ni mechi ya wageni. Tukianza habari za Pamba wenyewe, TP Lindanda, timu ya hapa Mwanza, na miaka waliyokuwa wakiwatoa jasho wakubwa wa Dar es Salaam, hatutamaliza leo.

Ninachoomba kwa wote wanaochora ramani za viwanja, vipya na vya kukarabati, ni hiki: kabla ya kumwaga zege, waiteni wazee wa mpira wa mji huo, wachezaji wa zamani, wauza tiketi, mama waliouza karanga getini. Wakae siku mbili waseme nini kibaki na jina la nani liandikwe wapi. Haitaongeza gharama ya kumshtua mtu. Kule Queens alama za Shea zimewekwa kwenye lami ya maegesho ya magari, na jirani yule alimpeleka mjukuu wangu akamsimamisha pale pale alipokuwa akisimama mpigaji. Binti yangu alinitumia picha. Mtoto kavaa ile kofia iliyochakaa, imemfunika macho.

Kwa Nyamagana, mimi ni seremala. Ninao ubao wa mninga, futi sita, umekauka vizuri miaka miwili sasa. Nitauchonga bure, tarehe, matokeo na majina ya wafungaji watatu, atakayehusika akikubali tu utundikwe. Karakana yangu iko wazi kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi.

Seremala wa Mabatini,
Mwanza