Kwa mdogo wangu wa Busia: hizo nyayo zinazokuwasha usiku

Mdogo wangu,

Nilipolala kwako Jumamosi nilikusikia. Saa nane za usiku ulishuka kitandani, ukakanyaga saruji kutafuta ubaridi, ukawa unasugua nyayo polepole nisiamke. Asubuhi ukasema ni joto tu. Nilitazama mikono yako: kipele hakuna hata kimoja, ila mikwaruzo ya kucha.

Nakuandikia hadharani ili na wajawazito wengine wasome.

Mimba yangu ya kwanza niliwashwa tumbo mpaka nikalia. Vipele vilianzia kwenye michirizi, vikakizunguka kitovu bila kukigusa, vikashuka mapajani. Mwasho ule humtesa mama, mtoto haumdhuru, na nilipojifungua ulikwisha. (Yakiwa malengelenge yanayoanzia kitovuni, hayo ni mengine, yaonyeshe upesi.)

Wako si huo. Viganja na nyayo kuwasha bila vipele, mimba ikiwa kubwa, usiku ukizidi: huenda ini halipitishi nyongo vizuri, na asidi za nyongo zinajaa kwenye damu. Mtoto anaweza kuzaliwa njiti, au kujisaidia humo humo tumboni. Kipimo cha asidi hizo kikifika mikromoli 100 kwa lita, hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda, na madaktari kwa kawaida hushauri mama azalishwe karibu wiki ya 36.

Najua mama mkwe amekuletea emumbwa, ule udongo wa dawa uliokandwa na majani. Mshukuru, anakupenda. Lakini udongo na majani havitakuambia damu yako ikoje.

Ukifika kliniki usiseme tu "nawashwa", utapewa dawa ya upele urudi nyumbani. Mwambie mkunga: ni viganja na nyayo, ni usiku, sina vipele. Mwambie pia kama mkojo umekuwa kama chai ya rangi, choo kimepauka, au macho yameingia manjano. Omba wapime ini na asidi za nyongo. Wakikosa kipimo, waandike rufaa, na jibu la kwanza likiwa zuri na mwasho ukaendelea, rudi upimwe tena.

Uliniambia mtoto anacheza vizuri. Namshukuru Mungu, ila kwa ugonjwa huu kucheza kwake si sababu ya kungoja. Na akipunguza kucheza, hata iwe usiku wa manane, ondoka.

Nauli ya boda nimeshakutumia kwenye simu. Beba kadi ya kliniki, nenda kesho asubuhi, unipigie ukiwa hapo hapo kwenye foleni.

Dada yako, Kampala